Sura ya Nne: Nchi ya Miezi Kumi na Mitatu

Hakuna swali waulizalo watu wetu mara nyingi zaidi, pindi wasikiapo kwamba jirani yao anakusudia safari ya Ethiopia, kuliko hili: "Je, ni kweli kwamba kule wako nyuma yetu kwa miaka saba, na kwamba mtu akishuka katika ndege huwa amerudishiwa ujana wake?" Aulizaye huuliza kwa mzaha, na ajibuye aghalabu hucheka akayaacha mambo hapo; walakini swali lenyewe lina jibu kamili, na ndani ya jibu hilo mna ufunguo wa karibu kila jambo litakalomshangaza msafiri katika nchi ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Uhabeshi. Kwani Ethiopia ni nchi iliyojiwekea hisabu yake yenyewe, ya mwaka, ya saa, ya chakula, ya maandishi, hata ya majina ya watu, ikaishikilia hisabu hiyo ilhali mataifa mengi ya dunia yalikwisha kuiacha ya kwao. Na mgeni ajifunzaye mambo hayo kabla ya kuondoka kwao hujiepusha na nusu ya taabu za safari.

Neno moja la tahadhari kabla hatujaendelea. Nchi hii ina watu zaidi ya milioni 120, ikawa ya pili Afrika baada ya Nigeria, na lugha zake ni zaidi ya 80. Jina la Habeshi hupendwa zaidi na watu wa nyanda za juu za kaskazini. Waoromo, ambao ndio wengi kuliko kabila jingine lolote na ambao ndugu zao Waborana wako Kenya, pamoja na Wasomali na Waafari, wengi wao hawajiiti hivyo. Kwa hiyo mgeni mwenye adabu atasema Ethiopia, na jina lile la kale ataliweka kwa mazungumzo ya tarikhi.

## Mwaka wao na mwaka wetu

Kalenda ya Ethiopia, ambayo ndiyo itumikayo maofisini, mashuleni na makanisani, ina miezi 13. Miezi 12 ya kwanza ina siku 30 kila mmoja, wala hakuna haja ya kujiuliza huu una siku ngapi na ule una ngapi; na siku 5 zibakiazo, ambazo huwa 6 kila mwaka wa nne, hukusanywa katika mwezi mdogo wa kumi na tatu uitwao Pagume. Msomaji aliyekulia pwani asilione jambo hili kuwa la ajabu mno. Mwaka wetu wa Nairuzi, ambao kwao wavuvi na wakulima walijua majira ya pepo na ya kupanda, na ambao watu wa Makunduchi huuadhimisha kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, nao uligawanywa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku 5 mwishoni zisizo na mwongo. Falaki ni ile ile, na jua ni lile lile. Kila umma umetafuta namna yake ya kuzificha zile siku tano zinazokataa kugawanyika.

Mwaka mpya wao huingia siku ya kwanza ya mwezi wa Meskerem, ambayo kwetu ni tarehe 11 Septemba, au tarehe 12 ikiwa mwaka wetu unaofuata ni wa siku 366. Wakati huo mvua kubwa zimekwisha, na milima imejaa maua madogo ya manjano yachanuayo kwa muda mfupi tu, ndiyo sababu watoto huyachuma wakapita nayo nyumba kwa nyumba.

Ama ile tofauti ya miaka, asili yake ni mahitilafiano ya wanahisabu wa kanisa katika karne za mwanzo, waliojaribu kukadiria mwaka aliozaliwa Yesu, ambaye Waislamu humwita Nabii Isa. Kanisa la Roma lilifuata makadirio ya mtaalamu mmoja, na makanisa mengi ya Ulaya yakafuata. Ethiopia ikabaki na makadirio mengine, yaliyotoka katika ilmu ya Alexandria huko Misri, ambayo yaliuweka mwanzo wa tarikhi baadaye kidogo. Kwa kuwa mwaka wao huanza Septemba na wetu huanza Januari, tofauti huwa ya miaka 7 kuanzia Septemba hadi Desemba, na ya miaka 8 kuanzia Januari hadi Septemba. Ndiyo maana Addis Ababa iliukaribisha mwaka 2000 kwa fataki na ngoma tarehe 12 Septemba 2007, wakati ambapo walimwengu wengine walikwisha kusahau kelele za mwaka huo wa duara.

Haya si mambo ya kuchekesha tu. Tazama mifano hii:

- Mtu aliyezaliwa mwezi wa Machi 1990 kwa hisabu yetu, cheti chake cha kwao kitasema 1982. Hajadanganya umri, wala karani hakukosea.
- Krismasi yao, iitwayo Genna, huangukia tarehe 7 Januari, na sikukuu ya Timkat, ambayo ni ya ubatizo, tarehe 19 Januari. Aendaye kutazama sherehe za Krismasi akafika Desemba 24 atakuta maduka wazi na watu kazini.
- Mfanyabiashara Mwislamu wa huko huishi na kalenda tatu kwa pamoja: ya serikali yake, ya Hijria kwa ajili ya saumu na idi zake, na ya kimataifa kwa barua zitokazo ng'ambo.

Kuanzia miaka ya 1960, na kwa muda wa miongo mingi, idara ya utalii ya nchi hiyo iliwaita wageni kwa tangazo la "miezi 13 ya jua". Kwa upande wa miezi tangazo lilikuwa sahihi kabisa. Kwa upande wa jua, yeyote aliyewahi kupita Addis Ababa mwezi wa Julai, ambapo mvua hunyesha karibu kila alasiri na mitaa hugeuka mito, atatabasamu kwa upole.

## Saa, ambapo Mswahili hashangai

Wazungu waandikao vitabu vya safari hutumia kurasa nzima kuwaonya wenzao kuhusu saa za Ethiopia, na Mswahili azisomaye kurasa hizo huona kana kwamba anaelezwa jinsi ya kuvaa kanzu. Siku ya Ethiopia huanza jua linapochomoza, si usiku wa manane. Saa moja ni saa moja asubuhi, saa sita ni mchana jua likiwa utosini, na saa kumi na mbili ni machweo. Sababu ni ile ile ya kwetu: katika nchi zilizo jirani na mstari wa ikweta usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, na jua ndilo saa ya umma isiyohitaji ufunguo.

Lakini hapa pana mtego, na ajabu yake ni kwamba humnasa Mswahili msomi kuliko asiyesoma. Mhudumu wa hoteli au karani wa basi azungumzaye na mgeni kwa Kiingereza huweza kuitaja saa kwa hisabu ya kwao akiitafsiri neno kwa neno, na huweza vile vile kuigeuza kwanza iwe ya Kizungu kwa ajili ya kumrahisishia mgeni. Nawe husikii ila namba. Basi uambiwalo kwa Kiingereza kwamba litaondoka saa sita laweza kuwa la alfajiri au la adhuhuri. Dawa yake ni kuuliza swali moja tu: asubuhi au mchana, kabla ya jua au baada ya jua. Tikiti za ndege hufuata hisabu ya kimataifa daima, na katika hizo hapana shaka.

Kwa ufupi: katika kila tarehe uulize ni ya kalenda ipi, katika kila saa uulize ni ya asubuhi au ya mchana, na Krismasi usiitafute Desemba.

## Siku za kula na siku za kufunga

Chakula cha Ethiopia hupakuliwa juu ya injera, nao ni mkate mpana, mwembamba, laini, wenye matundu madogo upande wa juu na uchachu kidogo, uliofanywa kwa unga wa tefu uliochachushwa kwa siku kadhaa. Tefu ni nafaka ndogo kupita kiasi, ndogo kuliko ulezi, na asili yake ni milima ya huko huko. Sinia huwekwa kati, michuzi iitwayo wat hupangwa juu ya mkate, na walaji hukata vipande kwa mkono wa kulia wakachovya. Kwa mtu aliyezoea kula sinia moja na jamaa zake hapana la kumtahayarisha, ila moja: mwenyeji akikupenda atakunja tonge kwa mkono wake akakutia kinywani. Hiyo huitwa gursha, na ni heshima. Kuikataa ni kumvunjia mtu uso, hata kama tonge ni kubwa kupita ulivyotarajia, na aghalabu huwa kubwa.

Jambo ambalo wasafiri wachache huelezwa mapema ni kalenda ya saumu. Waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, ambalo ndilo kubwa nchini, hufunga kila Jumatano na Ijumaa isipokuwa katika siku 50 zifuatazo Pasaka, hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, na misimu mingine kadha wa kadha, hata jumla ikapita siku 180 kwa mwaka. Saumu yao ni ya kuacha nyama, maziwa, siagi na mayai, na walio wacha Mungu zaidi huacha kula kabisa hadi alasiri. Kwa sababu hiyo wapishi wa Ethiopia, waliolazimishwa na ibada kupika nusu ya mwaka bila kitoweo cha mnyama, wamekuwa mabingwa wa dengu, njegere, kabeji na mboga za majani. Na ule mchuzi mzito wa unga wa njegere uitwao shiro ni chakula ambacho mimi ningekiweka mbele ya pilau nyingi za mjini, ingawa najua kauli hii itaniletea maadui.

Mwislamu asafiriye huko na apate faraja kwa mambo mawili. Kwanza, Wakristo wa Kiorthodoksi nao hawali nguruwe. Pili, desturi ya nchi ni kwamba Mkristo hula nyama iliyochinjwa na Mkristo na Mwislamu hula iliyochinjwa na Mwislamu, hata mabucha na mikahawa hujulikana ni ya upande upi. Kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu, na mwenye mkahawa hutarajia kuulizwa. Ajihadhari tu na kinywaji cha rangi ya dhahabu kinywewacho katika chupa ya shingo ndefu: hicho ni tej, mvinyo wa asali, na utamu wake huficha ukali wake.

## Kahawa na duru zake tatu

Mti wa kahawa ya arabika, ambao leo huwalisha wakulima wa Kilimanjaro, wa Mount Kenya na wa Brazil, asili yake ni misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia, na huko bado waota wenyewe chini ya kivuli cha miti mikubwa. Kutoka huko ulivuka Bahari ya Shamu ukaingia Yemen, ambako masufi wa karne ya 15 waliinywa kahawa ili wakeshe katika dhikri, na kwa mikono ya Waarabu ukafika kila mahali. Ipo hikaya ya mchungaji aliyeona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula matunda mekundu. Ni hikaya nzuri, na mwenye kuipenda na aipende, ila asiitie katika tarikhi.

Nchi nyingi zilimazo kahawa huiuza ikaenda zake, na walimaji wakanywa chai. Ethiopia, ambayo huzalisha kahawa kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, hunywa yenyewe karibu nusu ya mavuno yake. Na unywaji wake una taratibu. Mama wa nyumba, au binti yake, hutandaza majani mabichi sakafuni, huchoma ubani, huosha buni mbichi na kuzikaanga mbele ya wageni, kisha hukizungusha kikaangio ili kila mmoja aivute harufu. Halafu buni hutwangwa, huchemshwa katika jebena, nalo ni birika la udongo lenye shingo nyembamba, na kumiminwa kutoka juu katika vikombe visivyo na mkono, sawa na vile vya kahawa yetu ya baraza. Bisi au shayiri iliyokaangwa huwa kitafunio. Duru ni tatu kwa maji yanayoongezwa juu ya unga ule ule: ya kwanza kali, ya pili nyepesi, na ya tatu nyepesi zaidi, nayo ndiyo ya baraka. Yote haya huchukua saa nzima, au zaidi. Mgeni anywaye kikombe cha kwanza akainuka kwa kuwa ana miadi, huwa ametendea nyumba ile jambo ambalo halitasemwa mbele yake ila litasemwa akiisha kutoka.

## Nchi ya Najashi na ya mawe marefu

Kwa Mwislamu wa pwani, Uhabeshi ni nchi aliyoisikia chuoni kabla hajaiona katika ramani. Alikotoka Bilal, muadhini wa kwanza, ni huko kwa asili ya mama yake. Na mnamo mwaka 615 Masahaba walioteswa Makka waliamriwa wavuke bahari, kwani Uhabeshi alikuwako mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Mfalme huyo, Najashi, aliwasikiliza wakimbizi wale na kuyakataa matakwa ya Makureshi waliomfuata na zawadi ili awarudishe. Katika kijiji cha Negash, katika jimbo la Tigray, pana msikiti na makaburi yanayonasibishwa na watu wa hijra hiyo. Msikiti huo uliharibiwa katika vita iliyozuka huko mwaka 2020.

Mji mkuu wa ufalme huo wa kale ulikuwa Aksum, uliopiga sarafu zake za dhahabu na kuupokea Ukristo katika karne ya 4, zama za mfalme Ezana. Wakristo wa Ethiopia husadiki kwamba Sanduku la Agano limo katika kanisa la Maryam wa Sayuni mjini humo, likilindwa na mtawa mmoja asiyetoka uani maisha yake yote, na kwamba lililetwa na Menelik wa kwanza, mwana wa Nabii Sulemani na Malkia wa Sheba, ambaye sisi twamwita Bilkis. Mgeni hatalionyeshwa, na asiombe.

Ila atakachoonyeshwa ni minara ya mawe, kila mmoja umechongwa kutoka jiwe moja, yenye madirisha na milango ya kuchora. Mkubwa kuliko yote, wa mita 33, umelala chini vipande vipande. Mwingine, wa mita 24, una hadithi inayostahili kusimuliwa kwa kituo. Mwaka 1896 jeshi la Italia lilipoingia kwa nia ya kuitawala nchi, lilishindwa vibaya huko Adwa na majeshi ya Mfalme Menelik wa pili na mkewe Taytu, aliyekuwapo vitani yeye mwenyewe. Mwaka huo kwa hisabu ya Ethiopia ni 1888. Aibu hiyo Italia haikuisahau. Ilirudi na ndege na hewa ya sumu, ikaikalia nchi tangu 1936 hadi 1941, na mwaka 1937 ikauchukua mnara ule wa mita 24 ikausimamisha Roma kama ngawira. Vita ikaisha, ahadi za kuurudisha zikatolewa, na mnara ukabaki ulipo kwa miaka mingi.

Basi tarehe 10 Septemba 1960, katika Olimpiki ya Roma, mashindano ya marathoni yalikimbiwa jioni, na njia yake, ikikaribia mwisho, ilipita mbele ya mnara ule. Hapo ndipo askari wa ulinzi wa mfalme wa Ethiopia, Abebe Bikila, aliyekimbia peku, alipoongeza mwendo akamwacha mwenzake wa mwisho, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Na kwa kalenda ya kwao, usiku ule ulikuwa wa kuamkia mwaka mpya. Mnara wenyewe ulirejea kwa ndege mwaka 2005, umekatwa vipande vitatu, ukasimamishwa tena Aksum mwaka 2008.

Mengine ya tarikhi nitayapita upesi, maana vitabu vya picha vimeyatosheleza: makanisa 11 ya Lalibela, yaliyochongwa kwenda chini ndani ya mwamba hata paa la kanisa likawa sawa na ardhi ya nje, majumba ya mfalme Fasilides huko Gondar, na mifupa ya Lucy, kiumbe wa miaka milioni 3.2 iliyopita, iliyogunduliwa Hadar mwaka 1974. Lakini hili moja sitaliacha, kwa ajili ya jamaa zetu wa Mwanza, Kisumu na Jinja wapendao kujisifu kwamba Mto Nile huanzia kwao: ni kweli Nile Nyeupe hutoka katika Ziwa Victoria, ila zaidi ya asilimia 80 ya maji yafikayo Misri hutoka katika milima ya Ethiopia.

## Harar, mji wenye kuta

Lau msafiri wetu ana siku za mji mmoja tu nje ya Addis Ababa, mimi ningemwambia aende Harar, upande wa mashariki. Ukuta wake ulijengwa katika karne ya 16, zama za Amiri Nur, na ndani yake mna misikiti 82, mingine midogo hata yatosha safu mbili tatu za waumini. Mgeni kutoka Lamu au Unguja atajikuta katika vichochoro asivyovijua ila avitambuavyo. Na ndani ya nyumba ataona vidaka ukutani, viti vya kujengwa vya daraja daraja ambapo kila mtu hukaa kwa cheo na umri wake, na mabakuli yaliyotundikwa kwa pambo.

Usiku fisi huja. Kwa miaka mingi watu wa Harar wameishi nao kwa amani, hata katika kuta mkaachwa matundu ya kuwapitisha, nao huingia kusafisha mabaki ya mabucha. Na nje ya lango kuna watu wanaowalisha nyama kwa mkono, huku wageni wakitazama, na wenye moyo wakijaribu. Kwetu fisi ni mnyama wa wachawi na wa hadithi za ulafi. Huko husemekana kwamba huyala majini wabaya, na mtu akimsikia akilia usiku hulala akiwa na raha.

Mashamba ya Harar hutoa mirungi mingi, ambayo huko ni halali na huuzwa sokoni mchana kweupe. Mkenya hatashangaa, Mtanzania na akumbuke kwamba kwao ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria, asije akaisahau mfukoni wakati wa kurudi.

## Majina, salamu na pumzi

Wengi wa Waethiopia hawana jina la ukoo. Mtu huitwa kwa jina lake, likifuatwa na la baba yake, kama ilivyo kwetu Ali wa Salim. Kwa hiyo waziri mkuu Abiy Ahmed huitwa Dokta Abiy, na mkimbiaji Haile Gebrselassie huitwa Haile, wala kumwita kwa jina la pili si heshima, ni kumwita baba yake. Mwanamke aolewaye habadili jina. Mbele ya jina hutiwa Ato kwa mwanamume na Weizero kwa mwanamke aliyeolewa.

Maandishi yao, yaitwayo fideli, yana herufi 33 za msingi, na kila moja hubadilishwa umbo mara 7 kwa kufuata irabu. Msafiri hataweza kuyajua kwa wiki moja, naye asijitaabishe. Ila ajifunze kusema selam kwa kusalimu, na ameseginalehu kwa kushukuru, ambalo ni refu kwa makusudi ya kumchekesha muuza duka.

Na asishtuke azungumzapo na mtu, kisha mtu huyo akavuta pumzi ghafla kana kwamba ameona nyoka. Hajaona kitu. Amesema ndiyo.

## Kabla ya kufunga sanduku

- Nguo. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na usiku wake huweza kumtetemesha mtu wa Tanga au Mombasa. Chukua sweta, na usikimbie ngazini siku ya kwanza, kwani hewa ni nyepesi.
- Majira. Mvua kubwa ni Juni hadi Septemba. Oktoba hadi Januari ndio wakati mzuri.
- Barabara. Magari hupita upande wa kulia. Avukaye mpaka kwa gari huko Moyale hubadilisha upande pale pale, na avukaye barabara kwa miguu atazame kushoto kwanza, kinyume na alivyofunzwa. Na asishangae kuona magari mengi ya umeme, kwani mwaka 2024 serikali ilipiga marufuku kuingiza ya petroli na dizeli.
- Ruhusa. Mwenye pasipoti ya Kenya huingia bila viza. Wengine waulize ubalozini mapema.
- Amani. Tigray ilikuwa na vita tangu 2020 hadi 2022, na Amhara, ambako ndiko ziliko Lalibela na Gondar, iliingia katika mapigano mwaka 2023. Uliza habari za wiki ile ile unayosafiri, na uwaulize wenyeji wa jimbo lenyewe, maana Addis Ababa yaweza kuwa shwari kabisa wakati barabara ya kaskazini imefungwa.